Uwanja Usio na Kiingilio

Leo mazungumzo yetu yanaelekea Italia, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati ambapo karibu kila mji wa nchi ile, mkubwa kwa mdogo, huutoa muziki ndani ya kumbi na kuuweka uwanjani, katikati ya mji, mbele ya kanisa na mbele ya jumba la halmashauri. Nina jambo moja la kusema juu ya desturi hiyo, na nitalisema mapema ili tusipoteane njiani. Onyesho la uwanjani lina maana yake kamili pale tu mtu asiye na tiketi anapoweza kusimama akasikiliza. Ukiuzungushia uwanja uzio na kuuza viti, muziki unaweza kuwa mzuri sana, lakini uwanja wenyewe umegeuzwa pazia la nyuma ya jukwaa.

Tuanze na hali ya hewa, maana ndiyo inayowatoa watu ndani. Katika bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, joto la Julai hupanda mpaka nyuzi 35 na kuzidi, na hewa husimama. Hakuna upepo wa bahari wa kumpoza mtu. Mchana madirisha hufungwa na mitaa hukaa kimya. Jua huzama karibu saa tatu usiku, na mawe ya barabarani huendelea kutema joto mpaka usiku wa manane. Ndani ya nyumba za kale hakulaliki. Basi watu hutoka. Wazee hutoka na vipepeo vyao mkononi, wazazi hutoka na watoto ambao siku za shule wangekuwa wamelala zamani, na onyesho huanza saa tatu na nusu, mbingu ikiwa bado na buluu iliyokolea na mbayuwayu wakizunguka juu ya mapaa kwa vilio vyao vikali.

Mji nitakaouzungumzia zaidi ni Bologna. Kutoka Florence kwa treni ya mwendo kasi safari haifiki hata saa moja, na wageni wengi huupita tu wakikimbilia Venice au Milan. Wanakosa mengi. Bologna ni mji wa matofali mekundu, mji wa chuo kikuu ambacho kwa desturi huhesabiwa kilianza mwaka 1088, na mji wa njia zilizofunikwa kwa matao. Matao hayo yameshikana kando ya barabara kwa kilomita 38 katika mji wa kale peke yake. Mtu anaweza kuzunguka mvua ikinyesha asilowe. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2006, shirika hilo hilo lilikwisha kuitangaza Bologna kuwa mji wa muziki.

Moyoni mwa mji upo uwanja uitwao Piazza Maggiore, wenye urefu wa kama meta 115 na upana wa meta 60. Mwaka 1200 serikali ya mji ilianza kununua nyumba na ardhi za watu binafsi mahali pale, ikabomoa na kusafisha, ili wananchi wawe na mahali pao pa kukutania, pa soko na pa kusomewa sheria. Naomba ulishike hilo, msikilizaji, kwa sababu hoja yangu yote inasimama juu yake. Uwanja ule ulipatikana kwa fedha za wananchi, kwa kusudi maalumu, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Haukuwa ua wa mfalme uliofunguliwa kwa hisani.

Upande wa kusini limesimama kanisa la San Petronio, lililoanza kujengwa mwaka 1390. Ukilitazama usoni utaona ajabu: nusu ya chini imevikwa marumaru, nusu ya juu ni matofali matupu, kwa kuwa kazi haikumalizika mpaka leo. Magharibi ni Palazzo d'Accursio, jumba la halmashauri ya mji. Mashariki ni Palazzo dei Banchi na matao yake, na kaskazini ni Palazzo del Podestà. Chini ya jumba hili la mwisho kuna njia panda iliyoezekwa kwa kuba. Simama kwenye pembe moja, geuza uso ukutani, nong'ona. Mwenzako aliye kwenye pembe ya mkabala, naye akiwa amekodolea ukuta, atakusikia neno kwa neno, huku watu wakipita katikati yenu bila kusikia kitu. Watoto hawachoki kuujaribu mchezo huo. Wenyeji husimulia kwamba zamani mapadri waliwaungamisha wagonjwa wa ukoma kwa njia hiyo, bila kuwasogelea.

Na muziki wa bure katika uwanja huo ulikuwapo kabla ya spika na taa za umeme. Kwa karne kadhaa serikali ya Bologna iliajiri kikundi cha wapigaji, Concerto Palatino, kazi yao ikiwa kupiga tarumbeta, tromboni na kornetto kutoka kwenye roshani ya jumba la halmashauri, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakinunua mboga. Mshahara wao ulitoka katika hazina ya mji. Sisi tunasema la mgambo likilia kuna jambo. Pale Bologna tarumbeta ililia siku baada ya siku hata pasipo na jambo, kwa sababu watawala waliona ni heshima ya mji kwamba mpita njia asikie ala zikipigwa vizuri. Kikundi hicho kilivunjwa mwishoni mwa karne ya 18. Ninapowasikia watu wakisema maonyesho ya bure ni ubunifu wa wanasiasa wa siku hizi wanaotafuta kura, huwakumbuka wapigaji wale.

Hata hivyo, desturi ya sasa, ile ya kupanga maonyesho majira yote ya joto kwa fedha za halmashauri, ina tarehe ya karibu zaidi, na ilizaliwa katika miaka mibaya. Katika muongo wa 1970 Italia ilikuwa ikilipuliwa. Makundi ya mrengo wa kulia yalitega mabomu, makundi ya mrengo wa kushoto yaliua na kuteka nyara. Mwaka 1978 Aldo Moro, aliyewahi kuwa waziri mkuu, alitekwa mwezi Machi na maiti yake ikapatikana mwezi Mei ndani ya gari katikati ya Roma. Jioni watu walijifungia majumbani. Ni katika hali hiyo Renato Nicolini, msanifu majengo aliyekuwa na dhamana ya utamaduni katika halmashauri ya Roma, alianzisha mwaka 1977 kile kilichoitwa Estate Romana, yaani majira ya joto ya Kirumi. Alitundika skrini ya sinema katika magofu ya basilika ya Maxentius, akaleta filamu usiku kucha, na baadaye muziki na mashairi. Wengi walimcheka. Walisema anatumia fedha za umma kwa mambo ya kupita. Lakini watu walikuja kwa maelfu, kutoka vitongoji vya mbali ambako hapakuwa na sinema wala bustani, wakakaa usiku kwenye mawe ya mababu zao bila kuogopa. Nicolini alifariki mwaka 2012, na mpango wake ungali ukiendelea. Miji mingine iliuiga, na katika hiyo, Bologna ilikuwa na sababu yake ya pekee.

Tarehe 11 Machi 1977, katika mapambano karibu na chuo kikuu cha Bologna, askari alimpiga risasi na kumuua mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Francesco Lorusso. Mji ulilipuka kwa ghasia, na serikali ikaingiza magari ya deraya katika mitaa ya wanafunzi. Meya wakati huo alikuwa Renato Zangheri, wa chama cha kikomunisti, chama kilichokuwa kikiongoza Bologna tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipoisha. Vijana waliona kwamba chama cha wazee wao kimewageuka. Jeraha hilo halikupona upesi.

Sasa sikiliza halmashauri ilichofanya. Tarehe 1 Juni 1980 iliwaalika The Clash, bendi ya panki ya Uingereza iliyokuwa kileleni mwa umaarufu wake, wapige Piazza Maggiore, bure. Mbele ya kanisa lilelile. Chini ya madirisha ya meya. Uwanja ulijaa. Na hata siku hiyo kulikuwa na ubishi: vijana wa panki wa Bologna wenyewe waligawa vipeperushi kulaani panki inayoletwa na serikali. Mimi nawaheshimu kwa ubishi wao, lakini naona halmashauri ilikuwa na haki. Mji ulikuwa umewaonyesha vijana wake deraya. Miaka mitatu baadaye ukawafungulia uwanja wake mkuu na kuwaambia pigeni kelele. Ni hatua ambayo tiketi ingeiharibu. Kijana aliyekasirika hakati tiketi kwa mtu aliyemkasirisha.

Miezi miwili ikapita.

Jumamosi ya tarehe 2 Agosti 1980, asubuhi, stesheni ya Bologna ilijaa watu wanaokwenda likizo. Stesheni hiyo ni njia panda ya reli za Italia. Ukitoka kusini kwenda kaskazini, mara nyingi utaipitia. Saa nne na dakika 25 bomu lililotegwa ndani ya sanduku katika ukumbi wa abiria wa daraja la pili lililipuka. Watu 85 walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, watoto wakiwamo, na wageni kutoka nchi nyingine. Magari ya wagonjwa hayakutosha. Basi la njia namba 37 lilitumika kubeba maiti, mashuka yakiwa yametundikwa madirishani. Mahakama za Italia baadaye ziliwatia hatiani watu wa kundi la kifashisti lililoitwa NAR, na kesi nyingine juu ya waliofadhili na kupanga ziliendelea kwa miongo.

Maziko yalifanyika tarehe 6 Agosti San Petronio. Rais Sandro Pertini alikuwapo. Familia nyingi zilikataa maziko ya kitaifa kwa hasira dhidi ya serikali kuu, lakini uwanja ulifurika watu, walewale ambao watoto wao walirukaruka pale siku ya The Clash.

Nimekueleza haya kwa urefu, msikilizaji, kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa onyesho ninalolipenda kuliko yote ya Italia. Ndugu wa waliouawa waliunda chama chao mwaka 1981. Chama hicho hakikutaka siku ya kumbukumbu iwe ya hotuba tu. Katika muongo wa 1990 yakaanzishwa mashindano ya kimataifa ya utunzi wa muziki yanayobeba jina la tarehe ile, 2 Agosti. Watunzi wa nchi mbalimbali hupeleka kazi zao mpya. Zinazoshinda hupigwa na okestra kamili usiku wa tarehe 2, Piazza Maggiore, bila kiingilio, na redio na televisheni ya taifa huzirusha hewani.

Nilihudhuria mojawapo ya usiku huo, na nitakueleza nilichoona. Asubuhi ndugu wa marehemu walikuwa wametembea kutoka uwanjani mpaka stesheni, wakifuata barabara ya Indipendenza, na watu wamesimama pande zote mbili wakiwapigia makofi ya polepole, ya heshima. Saa nne na dakika 25 filimbi ya treni ililia, wakakaa kimya. Jioni walewale walirudi uwanjani wakaketi safu za mbele. Nyuma yao viti vya plastiki vilikuwa vya yeyote anayewahi. Mimi nilichelewa, nikakaa chini ya matao ya Palazzo dei Banchi, mgongo ukiwa kwenye nguzo iliyokuwa bado na joto la mchana.

Nilikuwa karibu kiasi cha kuwaona wapigaji wa fidla wakijiandaa. Kila mmoja alikuwa na vibanio vya nguo, vile vya kuanikia, vya mbao. Kabla ya kuanza alivibana kwenye karatasi za noti, viwili juu na viwili chini, ili upepo usizipeperushe. Kila alipofungua ukurasa alitoa kibanio kwa mkono wa kushoto, akageuza, akakirudisha, halafu akawahi kuingia pamoja na wenzake. Mpiga selo mmoja alikishika kibanio chake kwa midomo wakati wa kipande kigumu. Ukumbini huoni kitu cha namna hiyo. Pale uwanjani unauona ufundi wote pamoja na taabu yake.

Muziki wenyewe haukuwa rahisi. Zilikuwa kazi mpya, nyingine zikiwa na sauti za kukwaruza, nyingine na kimya kirefu kinachomtia mtu wasiwasi. Katika ukumbi wa kulipia zingevutia wajuzi wachache. Lakini karibu nami alisimama mwanamume mwenye baiskeli, kikapu chake kina mfuko wa nyanya na mkate. Ni wazi alikuwa akienda nyumbani akakatiza uwanjani. Alisimama mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, tayari kuondoka. Kipande cha kwanza kikaisha, hakuondoka. Cha pili, akashusha mguu wa pili. Cha tatu kilipoanza alikuwa ameiegemeza baiskeli kwenye nguzo na kukaa chini. Mtu huyu hakuwa na mpango wa kusikiliza muziki mpya wa okestra siku hiyo, na pengine siku yoyote. Hakuna tangazo ambalo lingemshawishi kuununua. Uwanja ulio wazi ulimpa nafasi ya kujaribu bila gharama na bila aibu, na angeweza kuondoka wakati wowote.

Hapo ndipo ninapoona faida ambayo wapangaji wengi wa matamasha hawaihesabu. Wao huhesabu waliokuja. Mimi nawahesabu waliokuwa wakipita wakasimama. Na pale wanapoweza kusimama, mpangaji naye hupata ujasiri wa kuleta kitu ambacho si lazima kiuzike.

Niseme kidogo juu ya sauti, maana wapo wanaodai kwamba okestra nje ya ukumbi ni kelele tu. Wana hoja. Ukumbi una kuta na dari zinazorudisha sauti ya fidla kwa msikilizaji. Uwanja hauna dari, sauti hupaa ikapotea. Kwa hiyo kila ala hutegewa kipaza sauti. Lakini tatizo linakuja hapa: sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde. Mtu aliye mwisho wa uwanja wa meta 115 hupata sauti ya jukwaani baada ya theluthi ya sekunde, na mafundi wakiweka spika za ziada karibu naye zikapiga papo hapo, atasikia kila noti mara mbili, kwanza ya karibu halafu ya mbali. Basi spika za katikati hucheleweshwa kwa makusudi, kwa sehemu ndogo za sekunde, mpaka sauti zote mbili zimfikie pamoja. Kazi ikifanywa vizuri huwezi kujua kama ipo. Ikifanywa vibaya uwanja mzima unapata kigugumizi. Nimesikia zote mbili katika miji mbalimbali, na pale ilipofanywa vizuri sikuukumbuka ukumbi hata kidogo.

Kuna jioni nyingine za Piazza Maggiore ambazo mzazi hapaswi kuzikosa. Cineteca di Bologna, taasisi inayokarabati filamu za kale, imezifanyia kazi filamu za Charlie Chaplin, na kila majira ya joto huonyesha sinema uwanjani bure usiku hadi usiku, Juni mpaka Agosti. Baadhi ya usiku huo filamu ni ya kimya na okestra ya Teatro Comunale hupiga muziki wake moja kwa moja, chini ya skrini. Watoto hupanda mabegani mwa baba zao. Uwanja mzima hucheka kwa pamoja, na kicheko hicho kinapogonga ukuta wa San Petronio kinarudi tena.

Sasa nisikudanganye kwamba bure haina gharama, au kwamba haijawahi kuharibika. Imeharibika, na mifano ipo.

Huko Perugia, mji wa kilimani katika mkoa wa Umbria, mwaka 1973 mfanyabiashara wa nguo aliyeipenda sana jazi, Carlo Pagnotta, kwa kushirikiana na serikali ya mkoa iliyokuwa changa, alianzisha Umbria Jazz. Maonyesho yote yalikuwa bure, yakizunguka viwanja vya miji ya mkoa ule. Sun Ra alikuja, Weather Report wakaja. Mwaka uliofuata Charles Mingus alipiga mjini Todi. Vijana walisikia habari wakamiminika kutoka Italia nzima, na miji midogo ikaelemewa. Hapakuwa na mahali pa kulala, walilala kwenye ngazi za makanisa. Hapakuwa na vyoo vya kutosha. Na kwa kuwa siasa za siku hizo zilikuwa kali, jukwaa likawa mahali pa kugombania kipaza sauti. Mwaka 1977 tamasha halikufanyika. Likarudi 1978, likasimama tena, mpaka 1982 lilipofufuka kwa sura nyingine: maonyesho makubwa kwa tiketi, na mengine bure katika Piazza IV Novembre, penye chemchemi ya marumaru iliyochongwa na Nicola Pisano na mwanawe Giovanni katika karne ya 13. Sura hiyo ndiyo iliyopo mpaka sasa. Naikubali. Anayetaka kumwona nyota kwa karibu analipa, na mwenyeji wa Perugia anayeshuka kununua aiskrimu bado anakutana na bendi.

Venice ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 15 Julai 1989 Pink Floyd walipiga juu ya jukwaa linaloelea majini mbele ya Piazza San Marco, bure. Walikuja watu kama 200,000 katika mji wa vichochoro na madaraja. Vyoo vya muda havikuwekwa, takataka zikabaki uwanjani, na wenye madaraka mjini wakalazimika kujiuzulu. Wapo wanaoitumia siku hiyo kama ushahidi kwamba watu wa bure hawana adabu. Mimi nasema ni ushahidi kwamba watawala hawakuandaa vyoo. Mtu aliyelipa naye huhitaji choo.

La Turin ni zito zaidi. Tarehe 3 Juni 2017 maelfu walijaa Piazza San Carlo kutazama kwenye skrini fainali ya kandanda kati ya Juventus na Real Madrid. Wezi wakapuliza dawa ya pilipili, hofu ikalipuka, watu wakakanyagana juu ya vipande vya chupa. Zaidi ya watu 1,500 waliumia, na baadaye wengine wakafa kwa majeraha yao. Siku chache baadaye mkuu wa polisi wa nchi, Franco Gabrielli, alitoa waraka wenye masharti ambayo kila anayehudhuria maonyesho ya Italia sasa anayaona: vizuizi vya chuma, milango ya kuingilia na ya kutokea, watu kuhesabiwa, chupa za glasi kukatazwa. Halmashauri ndogo zililalamika kwamba gharama zimepanda, na baadhi ya sherehe za vijijini zilifutwa. Naelewa malalamiko hayo, lakini sitawaunga mkono wanaotaka masharti yaondolewe. Lango la kuhesabia watu halimzuii maskini. Bei ndiyo inayomzuia. Haya ni mambo mawili, na ni kosa kuyachanganya, kama wafanyavyo wapangaji wanaoweka uzio kwa sababu ya usalama, kisha wakishauweka wakaona ni rahisi kuuza tiketi.

Lucca, mji mzuri wa Toscana ulioko ndani ya ngome yenye mzunguko wa zaidi ya kilomita nne, ndiko alikozaliwa Giacomo Puccini mwaka 1858. Tangu 1998 mji huo una tamasha la majira ya joto katika Piazza Napoleone, uwanja uliofunguliwa na dada yake Napoleon, Elisa, alipoutawala mji. Majina makubwa ya dunia hupiga pale. Muziki ni wa hali ya juu, sina shaka. Lakini uwanja hufungwa, na wasio na tiketi husikiliza kutoka vichochoro vya pembeni, nyuma ya mapazia meusi yaliyotundikwa ili wasione. Mkazi wa Lucca anaukuta uwanja wake umefungwa jioni kwa sababu umekodishwa. Wafanyabiashara wa hoteli hufurahi, na fedha hizo ni za kweli, zinalisha watu. Ila mji unaouza kila jioni yake nzuri utafika mahali wananchi wake wasijue tena uwanja ni wa nini.

Nani alipe basi? Kule Bologna hulipa halmashauri, mkoa, taasisi za hisani za benki za zamani, na wafadhili wa biashara. Hilo ni jambo la mji wenye fedha, najua. Wewe uliyewahi kuhudhuria Sauti za Busara Unguja umeuona ugumu wake: gwaride la ufunguzi hupita mitaani kila mtu akilitazama, lakini kwenye maonyesho yenyewe kuna mlango na tiketi, kwa sababu hakuna hazina ya mji inayoweza kubeba gharama yote. Simlaumu mpangaji anayehesabu senti ili onyesho lifanyike. Ninaowadai ni wale wenye hazina: mameya na madiwani wa miji tajiri ya Ulaya ambao kila bajeti ikibana, cha kwanza kukata ni muziki wa uwanjani, wakiuita anasa. Wanalipia taa za barabarani bila kumuuliza mtu, na hawaulizi taa imeingiza faida gani. Muziki wa majira ya joto uwekwe kwenye fungu hilohilo.

Kwako msikilizaji, hasa wewe unayetusikiliza ukiwa Ulaya, au unayepanga safari ya huko: ukipita Italia majira ya joto usianze na mabango ya matamasha makubwa. Nenda kwenye jumba la halmashauri ya mji wowote, uliza ratiba ya uwanjani. Mara nyingi imebandikwa mlangoni, bure. Na ukiweza kuchagua siku moja tu ya mwaka, chagua tarehe 2 Agosti, Bologna. Fika stesheni kabla ya saa nne na dakika 25 asubuhi, usimame na watu. Jioni fika uwanjani mapema ikiwa unataka kiti, na beba maji kwenye chupa ya plastiki, maana ya glasi itazuiliwa langoni.